Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe: ufike saa ngapi, usimame wapi, usikilize nini

Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, wanauza kitu ambacho matamasha mengi ya Afrika Mashariki yameacha kukiuza: vyombo vinavyopigwa kweli. Tangu tamasha la kwanza, Februari 2004, sharti ni lile lile, muziki uwe mubashara asilimia mia. Msanii hapandi na flashi mkononi, akawekewa wimbo wa studio na kuimba juu yake. Sharti hilo ndilo linalolipa tamasha thamani yake, na ndilo linalozaa karibu kero zake zote. Ukilielewa hutashangaa kwa nini bendi haijaanza dakika ishirini baada ya muda wake, wala kwa nini kikundi kidogo cha saa 12 jioni kinaweza kusikika vizuri kuliko bendi kubwa ya saa 5 usiku.

Februari Unguja ni kaskazi. Vuli imekwisha, masika bado, mchana joto linafika nyuzi 32 au 33, na usiku hewa inabaki nzito kwa unyevu. Jukwaa kuu liko ndani ya Ngome Kongwe, boma la mawe ya matumbawe lililojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kufukuzwa. Kwa picha, hakuna mahali pa kushinda hapo. Kwa sauti, ni mahali pagumu.

Ugumu wenyewe ni kuta. Sauti husafiri karibu mita 347 kwa sekunde katika joto la usiku kama huo. Ukiwa na ukuta mita 17 nyuma yako, pigo la dramu linakupita, linagonga jiwe na kukurudia baada ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo sikio halisikii tena pigo moja lililonenepa, linasikia mawili. Nyimbo za polepole zinavumilia. Muziki wa mwendo kasi unachafuka. Ukikimbilia kuegemea ukuta, mwangwi wa nyuma unatoweka lakini besi inajazana pale pale na maneno ya mwimbaji yanamezwa. Ukijibana mbele kabisa unasikia monita (spika zinazowarudishia wasanii sauti zao jukwaani) na ampli za gita, huku sauti ya mwimbaji ikikupita juu ya kichwa, kwa sababu spika kubwa zimeelekezwa kwa walio nyuma. Pa kusimama ni katikati ya safu mbili za spika, mbele kidogo ya meza ya fundi mitambo. Kila anachopunguza na kuongeza anakipima kwa masikio yaliyo hapo, si kwa ya mtu aliyeko mlangoni. Wanaokuja kucheza wana sababu zao za kwenda mbele na hawahitaji ushauri huu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: watu wenyewe ni sehemu ya mitambo. Saundi cheki, yaani majaribio ya sauti, hufanywa mchana, uwanja mtupu, jua linachoma, na mwangwi ukiwa katika ukali wake. Fundi anapunguza sauti nyembamba ili maiki zisipige mluzi. Usiku watu wakijaa, miili na nguo zinanyonya sauti hizo hizo nyembamba, na kilichokuwa sawa mchana kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Fundi mzuri hurekebisha ndani ya wimbo mmoja au mmoja na nusu. Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa bendi yoyote hapa usiutumie kuihukumu. Bendi zenye uzoefu zinalijua hilo, na wimbo wanaoutegemea hawauweki mwanzo.

Sasa hesabu ya kinachofanya ratiba ichelewe. Chukua kikundi kamili cha taarab asilia, kama Culture Musical Club, kilichoanzishwa 1958 na kilichopanda jukwaa hili mara nyingi. Fidla nne, kila moja na maiki yake. Akodioni moja inataka maiki mbili, upande wa vibonye vya mkono wa kulia na upande wa besi, la sivyo nusu ya chombo inapotea. Kanuni, chombo cha nyuzi nyingi, mbili, udi moja, selo moja, besi moja. Vyombo vya mdundo, dumbak, bongo na rika, tatu. Waitikiaji nne, mwimbaji moja. Hizo ni chaneli 19, yaani njia 19 za sauti. Bendi ya dansi yenye dramu, tumba, gita la solo, la rizimu na la besi, tarumbeta na saksafoni inazidi 20 bila taabu. Kila waya lazima uchomekwe, ufuatiliwe mpaka kwenye mikisa (meza ya fundi ya kuchanganyia sauti), usikilizwe. Dakika ishirini kwa kazi hiyo ni mwendo wa haraka. Anayetoka kwenye shoo za flashi, ambako msanii wa pili anaanza kabla wa kwanza hajashuka, ataona ni uzembe. Si uzembe. Uzembe ni pale waya mmoja unapokosewa na udi ukatokea kwenye chaneli ya besi, na hilo likitokea utalijua: mpigaji anapiga, mkono unaonekana, hakuna kinachosikika.

Waandaaji wanalipunguza tatizo hili kwa kutumia majukwaa zaidi ya moja. Lile la uwanjani likiwa linapangwa, muziki unaendelea kwenye ukumbi wa ngazi za mawe humo humo ngomeni. Huo ukumbi ndio siri ya tamasha. Ni mdogo, unakaa chini kwenye ngazi, uko karibu na msanii, na spika hazihitaji kusukumwa. Muziki wa vyombo visivyo vya umeme unastahili kusikilizwa hapo. Kosa la wageni wengi ni kuutumia muda ule kutafuta chakula.

Vyombo vya taarab vinahitaji maelezo zaidi, maana ndivyo vinavyoumia kwanza kwenye wazi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekalia vipande vya ngozi. Unyevu wa usiku unailegeza ngozi, daraja linazama kidogo, sauti inashuka. Ndiyo maana mpigaji anaonekana na ufunguo mkononi hata katikati ya shoo, akikaza uzi huu na ule wakati fidla zinaongoza. Anayepiga kelele "anza basi!" wakati kanuni inatengenezwa anaomba kusikiliza nyuzi 70 zilizoharibika. Udi una tatizo jingine. Tumbo lake ni sanduku tupu linalopokea mtetemo wowote. Monita ikiwa na sauti kubwa, udi unaanza kuvuma wenyewe kabla hata haujaguswa. Dawa ni kushusha monita, wala si kuondoa sauti za chini zote kwenye mikisa, kwa sababu udi bila sauti za chini unabaki kama bati.

Kidumbak, ndugu mdogo wa taarab aliyezaliwa kwenye harusi za Ng'ambo, ana bahati zaidi. Fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa na mkwasa za kushika mdundo, na sanduku: boksi la mbao lililogeuzwa, ufito na kamba moja, ndilo besi. Maiki ya dramu kubwa ikiwekwa chini karibu na tundu la sanduku, uwanja mzima unatikisika. Ikiwekwa juu kwenye kamba utasikia mkwaruzo tu. Kidumbak kikipangwa vizuri huwa ndicho kinachowainua watu wa kwanza kwenye viti, na hakuna gita hata moja.

Mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, ni kesi ya peke yake. Jagwa Music wa Dar es Salaam walipanda hapa na kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye kipaza sauti cha zamani, sauti imekwaruzika kwa makusudi, ngoma zinakimbia nyuma. Fundi asiyeujua muziki huo hujaribu kuusafisha, na akiusafisha ameuua. Mkwaruzo ndio muziki wenyewe.

Hapo ndipo sharti la mubashara linapouma. Singeli inatengenezwa kwenye kompyuta, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mwimbaji anamwaga maneno juu yake. Ukisema hakuna muziki uliorekodiwa, umeufungia mlango muziki unaopendwa sana na vijana wa Dar, au umewalazimisha kuja na mpiga dramu ambaye mikono yake itachoka wimbo wa pili. Bado sharti ni bora libaki. Majukwaa ya singeli yapo tele. Jukwaa la mpiga udi wa miaka 20 kukaa mbele ya maelfu ya watu liko moja. Lakini bei yake ni kwamba kijana wa Mwembeladu au Buguruni anaweza kutazama ratiba nzima asione kinachomhusu.

Saa za usiku wa manane ndizo dhaifu. Bendi kubwa za mwisho huja na umati, umati unataka kelele, kelele inaongezwa, na kuta za mawe zinairudisha yote. Kuanzia hapo ni vema kuwa na vizibo vya masikio, hata vile vya sponji vya dukani. Anayejali maneno ya nyimbo apange usiku wake kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 au 4, kisha abaki kama ana nguvu ya kucheza. Jua linazama kama saa 12 na dakika 40, na nusu saa inayofuata, mawe yanapoanza kupoa, ndiyo bora kuliko zote uwanjani.

Usiposhika tiketi hujakosa yote. Gwaride la ufunguzi linapita mitaani na beni, ngoma na wanasarakasi, na bustani ya Forodhani huwa na jukwaa la bure. Sauti huko inatawanyika kuelekea baharini na wauza mishikaki wanashindana nayo, ila kwa familia yenye watoto wadogo ni pazuri kuliko ndani. Forodhani uliza bei ya mshikaki kabla haujawekwa motoni, si baada.

Bei ya tiketi kwa Mtanzania iko chini kuliko ya mgeni, hivyo beba kitambulisho. Ukichagua siku moja tu, angalia ratiba kwa jina la kikundi, usiangalie siku. Taarab na kidumbak huenda zisiwe usiku mmoja na jina kubwa la mwisho. Kwa wanaotoka Dar, boti inachukua karibu saa mbili, na ya mwisho ya kurudi huwa imeondoka kabla jukwaa kuu halijachangamka, kwa hiyo kulala ni lazima. Vyumba vya Mji Mkongwe hupanda bei wiki hiyo. Kikwajuni na Michenzani ni mwendo wa miguu, na bei zake ni za kawaida. Nje ya Ngome funika mabega na magoti. Ni mji wa watu, misikiti iko kila kona. Daladala usizitegemee baada ya saa 4 usiku.

Kuhusu tarehe: mazoea ya kuhesabu wikiendi za Februari hayatoshi tena. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari, na tangu tamasha lianze 2004 hadi 2025 haikuwahi kuangukia Februari. Usikate boti wala chumba kwa kukisia. Subiri tarehe itangazwe na waandaaji wenyewe, kisha linganisha na kalenda ya mwezi.