Tathmini ya Darasa la Jioni la Usimamizi wa Miradi, Capri Point, Mwanza

Darasa hili, linaloendeshwa na wasimamizi wazoefu wa miradi ya barabara na maji Kanda ya Ziwa, huwa na thamani hasa mwalimu anapoweka vitabu kando na kueleza namna ratiba inavyovurugika. Somo bora lilihusu Daraja la Kigongo–Busisi, lililoanza kujengwa mwaka 2020 na kufunguliwa Juni 2025: tulichambua jinsi nguzo zinazosimikwa ziwani zinavyolazimisha kazi nyingine zisubiri, na kwa nini rejesta ya vihatarishi (orodha ya mambo yanayoweza kukwamisha mradi) ianze kuandikwa kabla ya mkataba kusainiwa. Cheti cha PMP, cha kimataifa cha wasimamizi wa miradi, kilielezwa kwa haraka mno. Mwenye shahada anahitaji uzoefu wa miezi 36 wa kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, jambo ambalo vijana (wengi walidhani mtihani pekee unatosha) walistahili kuambiwa mapema. Chumba ni kidogo, lakini ada inalipika.