Hifadhi na Uundaji katika Minecraft: Modi Tano, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Modi za hifadhi za Minecraft, yaani nyongeza zinazoubadilisha mchezo huo, hupakuliwa bila malipo, kwa hiyo gharama ninayoizungumzia hapa ni ile inayolipwa ndani ya mchezo: chuma, redstone (vumbi jekundu la kuendeshea mashine), almasi na saa za kuchimba. Kasha la kawaida lina nafasi 27, na makasha mawili yaliyoungana yana 54, lakini uchache wa nafasi si kero kubwa kama safari za kupekua kasha moja baada ya jingine kabla ya kurudi kwenye meza ya kuundia. Nimezipanga modi hizi kwa kuangalia jinsi kila moja inavyozipunguza safari hizo.

Ya kwanza, kwa wachezaji wengi, ni Tom's Simple Storage. Haihitaji umeme wala haikulazimishi kuhamisha mali yako: unaweka kiunganishi kando ya makasha uliyo nayo, unakiunganisha na kituo cha kuundia, na vyote vilivyomo vinaonekana katika dirisha moja lenye sehemu ya kutafutia kwa jina, pamoja na meza ya kuundia. Vitu hubaki ndani ya makasha yenyewe, hivyo hata ukikivunja kituo hupotezi kijiti. Upungufu wake ni kwamba haiundi chochote bila mkono wako.

Kazi hiyo inafanywa na Refined Storage, ambayo ni ya pili kwa sababu tu inadai umeme na vifaa vingi vya kuanzia. Vitu huhifadhiwa kwenye diski za kubeba vitu 1,000, 4,000, 16,000 au 64,000, na kisomaji kimoja hupokea diski nane. Ukishaifundisha mapishi ya kila kitu, unaweza kuagiza pistoni 64 ukaendelea na ujenzi: mtandao utapasua magogo 48 kuwa mbao 192, utachukua mawe 256, mikuo 64 ya chuma na redstone 64, kisha utakuletea pistoni zako. Anayejenga mashine kubwa asisite kuanzia hapa.

Applied Energistics 2 ina uwezo mpana kuliko zote, lakini nimeiweka ya tatu kwa kuwa inamtaka mchezaji aisome kabla ya kuifurahia. Mtandao usio na kidhibiti una chaneli (nafasi za kuunganisha vifaa) nane tu, na kila seli ya hifadhi hupokea aina 63 za vitu, hata ikiwa bado ina nafasi. Kikomo hicho cha aina kiliwahi kuniadhibu. Mtego wangu wa mifupa hai, maadui wanaopigana kwa pinde, ulikuwa ukimwaga pinde zilizochakaa kwa viwango tofauti, na kila kiwango cha uchakavu huhesabiwa kuwa aina yake. Seli yangu ya 1k, yaani ya baiti 1,024, ikameza pinde 63, ikagoma, ilhali baiti 512 zilikuwa bado tupu. Tangu siku hiyo silaha naziweka kwenye kasha la kawaida, jambo ambalo ningemshauri mtu yeyote alifanye mapema.

Storage Drawers ni ya nne, ingawa ukiwa na shamba au mgodi unaotoa kitu kilekile kwa wingi ungeweza kuipandisha. Droo ya msingi ya aina moja hubeba marundo 32 ya vitu 64, yaani mawe 2,048, na picha ya kilichomo huonekana mbele yake. Ipo pia droo ya kushindilia, inayokupa chuma kama vibonge, mikuo au bloku, upendavyo. Kidhibiti chake kinaweza kuunganishwa na mitandao miwili niliyoitaja juu, na hapo ndipo droo zinapofaa hasa.

Iron Chests inashika mkia. Kasha la almasi lina nafasi 108, na lile la obsidiani halivunjwi na milipuko, lakini bado utalifungua mwenyewe, utatafuta mwenyewe, na utatembea hadi kwenye meza ya kuundia.