Wiki nane za mazoezi ya pumzi: uzoefu wa fundi cherehani mwenye maumivu ya kiuno

Nimekuwa fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa miaka 19, na minne ya mwisho nimeishona nikiwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi kwenye paja la kulia. Nimepigwa picha, nimevaa mkanda, nimemeza dawa za kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kuniwaka moto. Daktari aliyenipima alinieleza kwamba hapakuwa na pingili iliyovunjika wala uvimbe, ila maumivu yakishapita miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu, na mara nyingi neva huendelea kutoa taarifa ya hatari hata pale jeraha la mwanzo linapokuwa limekwisha kupona. Ndiye aliyenielekeza kwenye darasa la mazoezi ya pumzi linaloendeshwa kila Jumamosi asubuhi na mtaalamu wa fiziotherapia. Nililipa shilingi 10,000 kwa kila kipindi cha saa moja, kwa wiki nane, na ninawaandikia wenye maumivu kama yangu wanaojiuliza iwapo fedha hiyo inakwenda mahali pake.

Mwalimu wetu ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Siku ile ya kwanza alinipa shikamoo, akaniuliza kazi ninayofanya, kisha akaniomba nikae kama ninavyokaa kibandani na nimwonyeshe jinsi ninavyotunga uzi. Sindano haikosekani katika mkoba wangu, kwa hiyo nikainama, nikalamba ncha ya uzi na kuutunga. "Mama," akasema, "tangu uliposhika uzi mpaka ulipopita kwenye tundu, hukuvuta pumzi hata mara moja." Sikumwamini. Nikarudia huku nikijichunguza, na kweli nilikuwa nimebana pumzi, nimepandisha mabega karibu na masikio, nimeuma na meno. Fundi hutunga uzi mara nyingi kwa siku, hujipinda mara nyingi zaidi, na mimi kila nilipohisi kiuno kinachoma nilikuwa nabana hivyo hivyo, bila kujua, kwa miaka.

Akanilaza kwenye mkeka, mkono mmoja juu ya kifua na mwingine juu ya tumbo, na ule wa juu peke yake ndio uliokuwa unainuka. Nilipokaa tuli alinihesabia pumzi 22 kwa dakika moja, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta kati ya 12 na 20. Alitueleza kwamba msuli mkuu wa kupumua, ambao wataalamu huuita kiwambo, umetanda kati ya kifua na tumbo, na umejishikiza kwenye mbavu za chini na kwenye pingili za juu za kiuno. Mtu anayeogopa maumivu huuacha msuli huo na kutumia ile ya shingo na mabega, ambayo haikuumbwa kwa kazi ya kutwa nzima na huchoka upesi. Alitueleza pia kwamba moyo hupunguza mapigo kidogo kila tunapotoa pumzi, na ndiyo maana zoezi lenyewe linatilia mkazo kutoa kuliko kuvuta.

Zoezi ni hili: unalala chali, magoti umeyakunja, unavuta pumzi kwa pua hadi hesabu ya nne huku tumbo likiinuka, kisha unaitoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza chai, hadi hesabu ya sita. Hapo unapata pumzi sita kwa dakika. Tulitakiwa kulifanya dakika kumi asubuhi na dakika kumi kabla ya kulala.

Wiki mbili za kwanza sikupata lolote. Ilikuwa Julai, na wakazi wa nyanda hizi wanaijua baridi ya Julai, ambayo hukufanya ujikunyate hata usingizini. Kosa nililolifanya wakati huo nalisema wazi kwa sababu lingeweza kuniua: nilikuwa nafanya zoezi la usiku chumbani, madirisha yamefungwa, na jiko la mkaa likiwa linawaka pembeni ili nipate joto. Kichwa kiliniuma siku tatu mfululizo, nikadhani ni zoezi. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akatukumbusha darasa zima kwamba mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba anayevuta pumzi ndefu katika chumba cha namna hiyo anajilisha sumu hiyo. Tangu siku hiyo jiko linakaa nje, mimi najifunika blanketi.

Wiki ya tatu usingizi ulirudi. Nilianza kulala mpaka alfajiri bila kuamka kujigeuza kila saa, na hapo ndipo nguvu zangu zilipoanza kurejea. Zamani ikifika saa nane mchana nilikuwa nalaza kichwa juu ya meza ya cherehani; sasa nashona mpaka saa kumi na moja. Wapo wanaodai kwamba pumzi ndefu inajaza oksijeni mwilini, lakini mwalimu alitusahihisha kwamba damu ya mtu mwenye mapafu mazima tayari imebeba karibu kiasi chote inachoweza, hata hapa kwetu penye kimo cha mita 1,700 hivi. Naamini kwamba kilichonirudishia nguvu ni usingizi, pamoja na kuacha kukaza mwili kutwa nzima. Maumivu niliyokuwa nayaandika saba kati ya kumi kwenye daftari yameshuka hadi nne. Hayajaisha. Nikiinama kukata kitambaa mezani bado kiuno kinanikumbusha, na dawa namwomba Mungu niiache kabisa, ingawa kwa sasa naimeza siku moja au mbili kwa wiki badala ya kila siku.

Lipo jambo moja la huduma hii ambalo halikunipendeza hata kidogo. Wiki ya tano mwalimu hakuwepo, na msaidizi wake akatufundisha kupumua kwa kasi na kwa nguvu kwa dakika kadhaa. Vidole vilianza kunichonyota, midomo ikafa ganzi, dari ikazunguka. Baadaye nilielezwa kwamba kupumua kwa namna hiyo hupunguza mno hewa ya ukaa katika damu, na mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Miongoni mwetu alikuwemo dada mjamzito, na hakuna aliyemuuliza kitu kabla ya kuanza. Mwalimu aliporudi alituomba radhi na zoezi lile halikurudiwa, lakini mwenye mimba, ugonjwa wa moyo au kifafa alipaswa kuulizwa siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kupokelewa ada yake.

Ukumbi nao ni wa sakafu ya saruji, kwa hiyo anayekwenda abebe godoro dogo.

Sishauri mtu aanzie darasani kabla ya kupimwa. Mguu ukilegea, haja ndogo ikikataa kushikika, ganzi ikiingia sehemu za siri, au maumivu yakiambatana na homa au kukonda kusikoeleweka, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi sasa natunga uzi huku natoa pumzi, na msichana ninayemfundisha kazi nimemzoesha hivyo hivyo kabla mgongo wake haujaharibika. Nimekwisha kulipia vipindi vinne vingine, vya Desemba na Januari, msimu ambao sare za shule huniweka kwenye cherehani mpaka saa nne usiku.