Nimezunguka kitalu cha miche masika ndo imeanza, safari hii sijauziwa embe la kokwa

Mvua ya kwanza ya maana ilipiga Dar juzi usiku, asubuhi nikasema leo ndo leo, naenda kutafuta miche. Nina kiwanja Goba, nusu yake mchanga mtupu, na watoto nimewaahidi kivuli tangu mwaka juzi. Nikapanda daladala mpaka barabara ya Bagamoyo kule wanakopanga maua pembeni ya lami, gari la nyumbani nimeliacha makusudi kabisa maana pale bei haijaandikwa popote, wanaisoma kwenye gari uliloshuka.

Ngoja niseme kwanza machungu yangu. Mwaka juzi sehemu nyingine (sio hapa) nlinunua miche 3 ya embe nikaambiwa ni dodo ya kubebesha, yani mche ulioungwa na kijitawi cha mti unaozaa, miaka 3 unakula. Nikalipa bei ya kubebesha. Mmoja ukafa, miwili ipo imeshanipita urefu, majani yanang'aa, ua hata moja sijaliona. Shemeji yangu mambo ya kilimo ndo kazi yake, alivyokuja likizo akainama akaangalia shina akaanza kucheka, shemeji hii imeoteshwa kwa kokwa, subiri miaka 6, 7 huko na zaidi, tena hujui utapata embe gani. Nlikasirika mpaka chai ikanishinda.

Sasa hiki kitalu cha jana. Mbele wameweka mabogenvilia na waridi za kuita wenye magari, ukipita kwa nyuma chini ya neti ya kijani ndo kuna mambo: maembe, ndimu, malimao, mipapai, miashoki ya fensi imepangwa kama wanafunzi mstarini. Ardhi imelowa, harufu ya samadi mbichi kidogo na udongo, mi napenda. Dogo mmoja ananifuata kila hatua, dada karibu, dada hii hapa, dada hiyo nakufanyia. Kuna mzee amekaa kwenye ndoo anajaza viriba, vile vifuko vya miche, udongo na samadi na pumba za mpunga, nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, nikaacha kumsikiliza dogo nikakaa na mzee.

Nlimwambia habari ya embe zangu, hakucheka. Alichukua mche akauinua usawa wa macho yangu akasema tafuta kovu. Kumbe mche wa kubebesha chini ni shina la kienyeji lililoota kwa kokwa, juu ni kikonyo, yani kijitawi kilichokatwa kwenye mti ambao ulishazaa, ndo maana unawahi. Pale vilipoungana, kama shibiri moja hivi toka kwenye udongo, lazima pawe na kauvimbe au kovu, mara nyingi na gome la juu na la chini hayafanani rangi. Mingine ilikuwa bado ina nailoni ya kufungia pale kwenye kovu, akasema ukifika nyumbani na imeshashika vizuri itoe isije ikakaba shina. Af kingine, machipukizi yakitoka chini ya kovu yakate, yale ni ya kienyeji, ukiyaonea huruma yanamaliza chakula cha mwenzake.

Nikauliza parachichi za Hass, zile kila mtu anazisema sasa hivi. Dogo akarukia zipo dada, nzuri sana! Mzee akamkata kauli, Hass inataka baridi mwanangu, hizo peleka Njombe, peleka Rungwe, joto la hapa utaniletea lawama. Yani biashara ipo mkononi na anaikataa, hapo ndo nlijua sitoki na mikono mitupu.

Sio kwamba kila kitu safi. Waridi nlizigeuza majani, chini kuna vidudu vyeupe kama pamba vimejaa, nikaziacha hapohapo. Na miche inakaa chini muda mrefu mno, nlijaribu kuinua mlimao mmoja ukagoma, mizizi imeshatoboa kiriba imeingia ardhini, dogo akaung'oa kwa nguvu pwaa, nusu ya mizizi imebaki chini af ananiambia huu dada unashika tu. Nikamwambia ushike hapahapa kwenu. Akanuna. Kwaiyo ukienda inua mwenyewe kila unachotaka kununua.

Bei: embe alianza 15,000, tumevutana mpaka 8,000, nikachukua 2. Ndimu 6,000, bogenvilia 2 kwa 3,000 kila moja, na asumini 4,000 ya mama mkwe, yeye wa Tanga bila asumini dirishani anaona nyumba haijakamilika. Aliniagiza na mkilua, ule wa maua ya kunukia, hawana. Jumla 32,000 nimelipa kwa simu, mzee kanipa na shina la mchaichai bure. Kilichoniuma ni bajaji, 10,000 mpaka Goba, tena miche tumeilaza maana upepo ungechana majani yote.

Nimechimba mashimo futi 2 kama alivyosema, udongo wa juu nimechanganya na samadi iliyooza, kovu limebaki juu.

Na ile miembe yangu miwili mume wangu alitaka ikatwe kuni. Mzee kasema hapana, kata matawi ya juu tu, machipukizi yakitoka yeye anakuja kuyabebeshea vikonyo vya dodo hukohuko juu ya mti. Nimechukua namba yake. Gharama kanitajia pia, ila hiyo mume wangu bado sijamwambia.