Magari ya ngazi ya zimamoto kwa zabuni: njia nzuri, ila vigezo ndivyo roho yake

Zabuni ya wazi bado ndiyo njia bora ya jiji kununua magari ya ngazi ya zimamoto, lakini pesa huokolewa au hupotea kwenye hati ya vigezo.

Kosa kubwa ni kuandika "ngazi ya mita 30" na kuishia hapo. Kimo hicho hufikiwa ngazi ikiwa karibu wima. Ikilazwa kufuata jengo lililo mbali na barabara, uwezo wa kubeba hupungua. Kwa Ulaya, gari la 23/12 hufika kimo cha mita 23 kwa umbali wa mlalo wa mita 12, na huo ndio uandishi unaofaa. Dai jedwali la mzigo kwa kila pembe. Dai pia upana wa jeki, yaani miguu ya kulishikilia gari lisipinduke, zikifunguliwa zote: gari lisiloweza kutandaza miguu mtaani ni hasara tupu. Uzito wa ekseli, kimo cha mlango wa kituo na nafasi ya kugeuza vipimwe kabla ya kutangaza.

Kunakili vigezo kutoka kwenye kipeperushi cha kampuni moja huleta rufaa za wazabuni wengine, na rufaa husimamisha kila kitu.

Bei ya chini isiamue peke yake. Linganisha vipuri, mafundi, mafunzo na muda wa kufikisha. Lipa kwa awamu. Kabla gari halijatoka kiwandani, wakaguzi wairefushe ngazi yote ikiwa na mzigo, kisha waangalie kama silinda za haidroliki zinavuja na kama ngazi inashuka yenyewe.