Kaa wa Gamba Laini katika Migahawa ya Kiasia: Uzoefu Wangu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwagiza kaa wa gamba laini, yaani kaa aliyetoka tu kujivua gamba lake la zamani na anayeliwa pamoja na gamba jipya, kila nilipomwona kwenye orodha ya vyakula, iwe mgahawa ni wa Kichina, wa Kithai, wa Kijapani au wa Kivietinamu, na sasa nina msimamo ambao niko tayari kuutetea: kaa huyu humfaidi zaidi mlaji pale mpishi anapomwacha akiwa mkavu. Aliyekaangwa kwa chumvi na pilipili, kisha akanyunyiziwa kitunguu saumu kilichokaangwa kando, humshinda karibu kila kaa anayeletwa mezani akiwa amezama kwenye mchuzi. Sababu yake imo katika maumbile ya kaa mwenyewe.

Gamba la kaa halikui. Mwili unapoongezeka hana budi kulivua, na mara tu anapotoka ndani yake hufyonza maji mengi ili ajitanue kabla gamba jipya, ambalo wakati huo ni laini, halijakakamaa. Kukakamaa huko huanza katika muda wa saa chache, na hukoma akitolewa majini, kwa hiyo mvuvi au mfugaji anayechelewa hupoteza bidhaa yake. Ndiyo maana katika mashamba ya Thailand, Myanmar na Vietnam kaa wa mikoko, wale wa jenasi ya Scylla, huwekwa kila mmoja katika kisanduku chake cha plastiki, na wafanyakazi huvipitia visanduku hivyo usiku na mchana wakimtafuta aliyekwisha kujivua. Kaa wa buluu wa Ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, Callinectes sapidus, huwa na msimu wake, kuanzia Mei hivi hadi Septemba. Wale wa mashambani Asia hugandishwa na kusafirishwa mwaka mzima, na hao ndio wanaotegemewa na migahawa mingi. Maji yale aliyoyafyonza ndiyo mtihani wa mpishi. Yakibaki mwilini, mafuta hurukaruka jikoni, na unga uliomfunika kaa hulegea kabla sahani haijafika kwa mteja.

Sahani bora niliyowahi kula ilitoka katika mgahawa wa Kichina ambao haukuwa na pambo lolote ukutani. Kaa alikuwa amekatwa katikati ya kifua, na kila kipande kimepakwa wanga mwembamba kiasi kwamba rangi nyekundu ya gamba ilionekana chini yake. Nilipouma mguu, ulivunjika kwa mlio na haukuacha chochote cha kutema. Nilipofika kifuani, nyama ilikuwa bado na majimaji yake matamu, pamoja na yale mafuta ya manjano ya kaa ambayo wapishi wengine huyaosha na kuyatupa. Juu yake kulikuwa na chenga za kitunguu saumu, pilipili mbichi zilizokatwa na majani ya vitunguu. Chenga hizo zilikuwa na rangi ya dhahabu, na hapo ndipo ufundi ulipojidhihirisha, kwa kuwa kitunguu saumu kikizidi moto kidogo tu huwa kichungu na uchungu huo huifuta ladha ya kaa yote. Mtindo huu wa kumfunika kaa kwa kitunguu saumu kilichokaangwa unahusishwa na wavuvi wa Hong Kong waliokuwa wakiishi mashuani katika ghuba za kujikinga na tufani. Wao walitumia kaa wa gamba gumu, lakini kwa maoni yangu wa gamba laini anaufaa zaidi, kwa sababu viungo vinavyobaki nje ya gamba gumu hapa huliwa pamoja na nyama.

Ninaposema mchuzi humharibu kaa huyu, ni lazima niutenge mlo mmoja wa Kithai, ule wa kaa aliyekaangwa na kuchanganywa na bizari, yai, maziwa na majani ya seleri. Ukipikwa vizuri, yai huganda nusu, likawa na uzito wa uji, na kaa huingizwa mwishoni kabisa, akageuzwa mara chache na kupakuliwa. Sehemu iliyozama hulainika na kunyonya bizari, huku ncha za miguu zilizobaki juu zikiendelea kuvunjika mdomoni, na kwa dakika chache unazila hali zote mbili kwa pamoja pamoja na wali mweupe. Dakika chache, nasisitiza. Ukichelewa kwa mazungumzo, unga wote hutengana na nyama na kuelea.

Wa Kivietinamu wa ukwaju nampa nafasi ya tatu, kwa sharti kwamba ukwaju umepikwa hadi ukawa mzito na wa kunata, wa kumpaka tu kaa juu juu. Ule wa Singapore wenye mchuzi wa nyanya, pilipili na yai, uliojipatia sifa tangu miaka ya 1950 kwa kaa wa gamba gumu, nauheshimu katika umbo lake la asili. Akitumiwa wa gamba laini, mchuzi ule mwingi humlemea, na nilijikuta nikifurahia zaidi vile vimkate vya kuchovya.

Sushi ya kuviringishwa yenye kaa huyu ndani, pamoja na tango, parachichi na mayonesi, na miguu yake ikichungulia nje, ndiyo inayopatikana kila mahali na ndiyo ninayoipendekeza kidogo kuliko zote. Kaa mkavu akifungwa ndani ya wali wenye unyevu hana namna ya kubaki mkavu. Katika mgahawa wa Kijapani ni heri kuomba tempura ya kaa peke yake, yaani aliyechovywa katika uji mwepesi wa unga na kukaangwa, yenye chumvi na kipande cha limau, ambayo mpishi mzuri huiandaa kwa wepesi wa ajabu.

Kuna kasoro moja ambayo siwezi kuivumilia. Kabla ya kupikwa, kaa hukatwa uso, akaondolewa kile kifuniko cha tumboni, na yale matamvua ya kijivu anayopumulia chini ya gamba yakang'olewa pande zote mbili. Katika mgahawa mmoja wa bei ya juu nililetewa kaa ambaye matamvua yake yalikuwa yamo yote, yenye nyuzinyuzi na ladha ya tope, na mhudumu akaniambia kwamba ndivyo anavyoliwa. Sivyo. Tangu hapo hufunua gamba la mgongoni kwa uma kabla ya kuanza kula, na nakushauri nawe ufanye hivyo bila kuona haya.

Kabla ya kuagiza mimi huuliza mambo mawili kwa adabu: kama kaa hukaangwa pale anapoagizwa, na kama anaweza kuletwa peke yake badala ya kusubiri vyakula vingine. Kuuliza kama amegandishwa hakusaidii sana, kwa kuwa wengi wao wamegandishwa, na aliyeyeyushwa taratibu kwenye jokofu na kukaushwa vizuri kwa kitambaa humpita aliye mbichi lakini ameloa. Mwenye mzio wa kamba au kaa asiguse hata viazi vilivyokaangwa katika mafuta yale yale. Kwa wengine wote, chagueni meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, mwagizeni wa chumvi na pilipili, na akifika muanze na miguu, kwa sababu ndiyo inayowahi kulegea.