Banda la mbao la kutengea mapora, Tanga mjini: linunuliwe, ila waya ubadilishwe

Ukitotolesha kuku uani, karibu nusu ya vifaranga watakuwa majogoo, ilhali jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Waliozidi, yaani mapora (majogoo machanga), wakikaribia miezi minne huanza kuwaandama mitetea mpaka wanawanyonyoa migongo, na wao kwa wao wanatoboana undu. Kuwatenga katika banda lao ndiyo dawa, na banda wanalochonga mafundi seremala wa Tanga kwa oda linaifanya kazi hiyo vizuri, ukishalirekebisha.

Lina urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 5, paa la bati, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa futi 2 kutoka ardhini. Fundi atakwambia linachukua kuku 15. Usikubali. Pora mmoja anahitaji kama futi 4 za mraba, kwa hiyo hili ni la wanane. Ugomvi wa majogoo huisha mmoja anapokimbia. Wakibanana, aliyeshindwa hana pa kwenda na mwenzake anaendelea kumdonoa. Egemeza ubao mmoja ukutani, apate pa kujificha.

Kilicho bora kabisa ni kizuizi cha waya cha kuchomoa, kinachogawa banda futi 6 kwa 2. Aliyetoka damu anahamishiwa upande mdogo, anapakwa GV (dawa ya zambarau ya vidonda) ili wekundu usiwavutie wenzake kudonoa, lakini wanaendelea kuonana. Hili ni jambo kubwa sana: pora akiondolewa kabisa kwa siku kadhaa, akirudi huchukuliwa kama mgeni na vita inaanza upya. Fundi asiyeweka kizuizi hicho, mwambie aweke kabla hujalipa.

Udhaifu uko kwenye waya. Wanatumia waya mwembamba wa kuku wenye matundu makubwa. Pora anatoa kichwa nje, nguchiro anaingiza mdomo ndani, na kwa upepo wa chumvi wa hapa Tanga unakula kutu upesi. Agiza kofitrei, ule waya mgumu wa matundu madogo ya mraba, ya nusu inchi iliyopakwa zinki. Bora zaidi, futi 2 za chini kuzunguka banda ziwe mbao tupu, kwa sababu majogoo hupigana hata kupitia waya. Ukinunua waya na bati mwenyewe, bei ya fundi inapungua na unajua ulichopata.

Fito za kulalia nazo amezipanga kama ngazi. Kila pora anataka ile ya juu, na kila magharibi ni ugomvi. Zing'olewe, zifungwe mbili za kimo kimoja, kingo zikiwa zimepigwa randa ili nyayo zisivimbe. Mlango ni mmoja tu, na kona ya nyuma mkono haufiki. Omba wa pili. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu, la sivyo mchwa watalimaliza.

Wanaolalamika kwamba banda halisaidii kwa kawaida wameliweka mbele ya mitetea. Mapora wakiwaona mitetea hawatulii hata kidogo. Liweke nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mwarobaini, maana jua la kaskazi juu ya bati linaua. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, kila kimoja upande wake, mbabe asivilinde vyote. Sakafuni mwaga maranda.

Waingizwe wote usiku mmoja, gizani, usiwaongeze mmojammoja. Siku mbili tatu za kwanza watapimana nguvu. Kuruka na kutunishiana manyoya ya shingo waachie. Ingilia ukiona damu, au mmoja akizuiwa kula.

Kwa kuku wa kienyeji wa kawaida, na chotara kama Sasso na Kuroiler, banda hili linafaa. Kwa kuchi, kuku wa asili ya kupigana, halifai hata likirekebishwa: hao hupigana hadi mmoja aanguke, kila mmoja atengwe peke yake. Wala si mahali pa kuwaweka mwaka mzima. Wakianza kuota vipi (ile miiba ya miguuni), majeraha yanakuwa mabaya zaidi, basi panga kuuza au kuchinja mapema, hasa kuelekea Idi wanunuzi wanapokuwa wengi, na mpe fundi oda kabla vifaranga hawajafikisha miezi miwili.